Mwongozo kamili: jinsi ya kumsukuma MCA (mwakilishi wa wadi) na mbunge wako mpaka jambo lenu liingie kwenye bajeti

Lawama ni ile ile kila mwaka: "Tulimwambia mheshimiwa, akasema amesikia." Na kweli alisikia. Mlimkamata nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, watu wamemzunguka, huyu anataka karo ya mtoto, yule kazi ya kijana wake, na nyinyi mnataka jabia, ile sakafu ya kutegea mvua na birika lake, litengenezwe. Akasema insha'Allah, mkapeana mikono, akapanda boti. Hana hata kijikaratasi mfukoni cha kumkumbusha ni kijiji gani.

Mwongozo huu ni wa wakazi wa Lamu waliochoka na hali hiyo. Mfano ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: jabia la kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate, sakafu yake ya kutegea mvua imepasuka na maji hayafiki kwenye birika. Kama wewe uko Mkomani na shida yako ni taka, au uko Hindi na shida ni barabara, badilisha jina tu. Njia haibadiliki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja gumu la jambo hili peke yake. Usichanganye na hesabu za duka.
- Simu yenye kamera, na mtu anayejua kuhifadhi picha zisipotee.
- Majina kamili na nambari za vitambulisho vya wanaounga mkono.
- Kidau cha wino wa dole gumba. Wazee wengi wasioandika ndio wenye maneno mazito, msiwaache nje.
- Pesa za fotokopi. Kila barua itoke nakala mbili, moja ya kuacha na moja ya kugongewa muhuri na kurudi nayo.
- Nakala ya mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano, CIDP ya 2023–2027, na ule wa mwaka, ADP. Hamhitaji kitabu kizima, kurasa za wadi yenu na za idara inayohusika zinatosha.
- Watu watatu hadi watano wa kushika kazi. Kamati ya watu ishirini hutumia nguvu zake zote kutafuta siku ya kukutana.

## Hatua ya 1: Jueni shida ni ya nani

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanampelekea mbunge jambo la kaunti, mbunge naye hapendi kusema "hili silo langu", kwa hiyo anaahidi. Miezi inapita.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Kaunti ina maji, zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, masoko, taa za barabarani, taka, pamoja na vivuko na bandari, isipokuwa kusimamia usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Serikali ya kitaifa ina usalama, shule za msingi na sekondari, barabara kuu, vitambulisho na hatimiliki za ardhi. Gati huchanganya watu, kwa sababu linaweza kuwa limejengwa na taasisi ya taifa na watu wakadhani ni la kaunti. Ulizeni nani aliyelijenga na nani anayelitunza kabla ya kuandika.

Lamu ina wadi kumi na maeneo bunge mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi. Wenye kuchaguliwa ni hawa:

MCA. Anatunga sheria za kaunti, anapitisha bajeti na kuihoji serikali ya gavana. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza kuingilia kazi za utendaji. Kwa maneno mengine, MCA hajengi jabia na hapaswi kulijenga. Ukimwambia "tujengee", unamwomba asichokuwa nacho, na yeye atakujibu kwa ahadi. Mwambie "tuulizie bungeni, na usukume fedha hizi kwenye kamati ya bajeti." Hayo yako mikononi mwake na hana pa kukwepea.

Gavana na mawaziri wake wa kaunti. Ndio wenye idara, wahandisi na pesa.

Mbunge. Mambo ya taifa.

Seneta. Analinda kaunti katika Seneti, na anaweza kuuliza pesa za kaunti zimekwenda wapi. Watu wa vijijini humsahau seneta, na ni makosa, maana yeye hamwogopi gavana kama MCA anavyoweza kumwogopa.

Mwakilishi wa kike. Anaingia Bunge la Taifa kwa kura za kaunti nzima.

*Mmefaulu hatua hii* mkiweza kusema kwa sentensi moja: "Hili ni jambo la idara ya maji ya kaunti, na anayelipeleka bungeni ni MCA wa wadi ya Faza."

## Hatua ya 2: Kusanyeni ushahidi unaobebeka

"Maji ni shida" kila mtu anasema, hata wasio na shida. Nendeni kwenye jabia asubuhi na futi ya fundi. Pimeni urefu wa ufa. Pigeni picha ufa wenyewe huku sandali imewekwa kando, ili aliye ofisini aone ukubwa wake. Kisha pigeni picha ya birika lilivyo sasa, na ya ua kama umeanguka na mbuzi wanaingia. Andikeni tarehe ya kila picha kwenye daftari.

Halafu piteni nyumba kwa nyumba na maswali mawili tu. Mnanunua mitungi mingapi ya lita 20 kwa siku? Kwa bei gani? Msikadirie mkiwa kibarazani. Mwandishi aandike anachoambiwa na mwenye nyumba, hata kama namba zinatofautiana. Afisa akikuta namba zote zinalingana atajua mlikaa chini ya mwembe mkazitunga.

Mwombeni fundi anayejua majabia aandike makisio ya saruji, mchanga, siku za kazi. Hayatakuwa makisio ya serikali, lakini yanamwondolea MCA kisingizio cha "hatujui gharama".

Kuna na habari ambazo wanazo maofisa wenyewe. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili na kuliwasilisha hakuna ada. Mnaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Ulizeni jambo dogo lenye mipaka: "Mwaka wa fedha uliopita idara ya maji ilitengewa shilingi ngapi za kukarabati majabia ya Lamu Mashariki, na ni majabia yapi yaliyokarabatiwa?" Mkinyimwa au mkinyamaziwa, nendeni kwa ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, ndani ya siku 30.

*Onyo:* msiombe "nyaraka zote kuhusu maji". Ombi pana namna hiyo mnawapa wenyewe sababu ya kulikalia.

## Hatua ya 3: Jueni kalenda ya pesa

Ukiniuliza ni hatua gani moja ningeishikilia kama muda ni mfupi, ni hii. Watu hulia mwezi wa Julai, pesa zilishagawanywa Juni.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012:

- Kufikia 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti. Mradi usiokuwamo humu huanza safari na mguu mmoja. Kwa hiyo barua yenu iwe idarani mapema, Juni au Julai.
- Kufikia 28 Februari: waraka wa sera ya fedha, CFSP, unafika bungeni. Hapa ndipo kila idara inapowekewa kikomo chake. Vikao vyake huwa vitupu kwa sababu havitaji jina la kijiji cha mtu. Nendeni hivyo hivyo, mseme idara ya maji isipunguzwe.
- Kufikia 30 Aprili: makadirio ya bajeti yanafika bungeni. Mei ni mwezi wa kamati ya bajeti, na ni mwezi wenu.
- Kufikia 30 Juni: bajeti inapitishwa.

Kuna siri moja ambayo wanaharakati wengi hawaijui. Bunge la kaunti likitaka kuongeza pesa mahali, sheria inalilazimisha lipunguze mahali pengine kiasi hicho hicho. Basi anayekuja na "ongezeni" peke yake anaiachia kamati kazi ngumu, na kamati haipendi kazi ngumu. Njooni na jibu: "Makadirio yana pesa za semina na safari za idara hii. Toeni humo." Someni ukurasa, tajeni mstari wenyewe. Mjumbe anayewapenda atapata silaha, na asiyewapenda atalazimika kutetea semina mbele ya watu wasio na maji.

*Mmefaulu* mkiwa na tarehe hizi nne kwenye daftari, na kando ya kila moja jina la mmoja wenu atakayeisimamia.

## Hatua ya 4: Andikeni barua ya ukurasa mmoja

Kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya Kenya kwa Ibara ya 7, na hakuna ofisi yenye haki ya kuikataa barua yenu kwa sababu hiyo. Watu hulipa kijana awaandikie Kiingereza cha kubahatisha, mwisho wake ombi lao wenyewe hawalielewi na wakiulizwa swali wanakwama.

Mfano:

> Kwa Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi ya Faza,
>
> KUH: UKARABATI WA JABIA LA KIJIJI CHA ............
>
> Sisi wakazi wa kijiji kilichotajwa hapo juu tunategemea jabia hili kwa maji ya kunywa na kupikia. Tangu mwezi wa ........ sakafu ina ufa wa mita ........ na maji ya mvua yanapotelea ardhini kabla ya kufika kwenye birika. Nyumba ........ sasa zinanunua maji kwa shilingi ........ kwa mtungi wa lita 20.
>
> Tunakuomba mambo mawili. Kwanza, uifikishe haja hii kwa kamati ya bajeti kabla makadirio hayajapitishwa. Pili, uombe taarifa bungeni kutoka idara ya maji: jabia hili lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na lini litakarabatiwa?
>
> Tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe ............
>
> Nakala: Waziri wa Maji wa Kaunti, Karani wa Bunge la Kaunti.

Nakala zile mbili za chini zina kazi. MCA akijua karani na waziri wameiona, barua haiwezi kupotea kimya kimya.

*Maonyo.* Msitie matusi, hata ya mafumbo, maana watu wetu ni hodari wa mafumbo na mheshimiwa naye ni mtu wa huku huku, atayaelewa. Msichanganye jabia na taa na posho ya wazee, kila jambo lipate barua yake. Na msiondoke ofisini bila nakala yenu kugongwa muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Wakisema muhuri haupo, aliyepokea aandike jina lake, atie sahihi na tarehe kwa mkono.

## Hatua ya 5: Kaeni naye ana kwa ana

Ombeni miadi, msivizie. Nendeni watatu au wanne, na mmoja wao awe mama anayeteka maji kwenye jabia lile. Yeye aanze kusema.

Kwenye visiwa vyetu MCA huwa ni mpwa wa mtu, shemeji wa mtu, au alicheza kandanda na mmoja wenu. Undugu huo ufungue mlango, kisha mwuweke kando. Hata akiwa ni kijana uliyembeba mgongoni, katika kikao hicho mwite "mheshimiwa", nawe mwambie akuite kwa jina la kazi uliyotumwa na kijiji. Mkianza "mwanangu" na "mjomba", maongezi yatakuwa ya nyumbani, na ahadi za nyumbani haziandikwi.

Maliza na swali ambalo jibu lake ni ndiyo au la: "Mheshimiwa, utaomba taarifa hii bungeni kabla ya mwisho wa mwezi?" Akizunguka, uliza tena kwa upole. Akijibu, mwandishi wenu asome kwa sauti alichoandika: "Basi tumeandika kwamba mheshimiwa ataomba taarifa kabla ya tarehe fulani." Jioni hiyo hiyo mtumieni ujumbe wa simu wenye maneno yale yale na shukrani.

Siku hiyo asiombwe kitu kingine. Si nauli, si mchango wa arusi, si karo. Anayetoa noti ya elfu moja anahisi deni limelipwa, na ninyi mmeuza jabia kwa nauli ya boti. Na ninyi msimpe kitu, Sheria ya Hongo ya 2016 haina mzaha.

## Hatua ya 6: Vikao vya maoni ya wananchi

Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Si pambo. Mwezi wa Juni 2019 jopo la taifa la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe hapa Lamu, na moja ya sababu kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imewapa ushindi wavuvi wetu katika kesi ya bandari mpya ya Lamu, iliyo chini ya mradi wa LAPSSET, na suala la kushirikishwa lilikuwa ndani yake pia.

Shida ya kwetu ni bahari. Kikao kinatangazwa saa tatu asubuhi Mokowe au mjini Amu (Lamu), na boti ya Faza inasubiri maji yajae kwenye mkondo wa Mkanda. Mkifika, watu wanagawiwa soda. Fanyeni mawili: andikeni mapema kuomba kikao kifanyike kisiwani, na wakati huo huo pelekeni maoni yenu kwa maandishi, kwa barua pepe au kwa mkono, kabla ya siku yenyewe. Maoni yaliyoandikwa yana uzito sawa na yaliyosemwa, na hayangoji bamvua, yaani maji makuu ya bahari.

Kuhusu ile karatasi ya mahudhurio: kutia sahihi kunathibitisha mlikuwapo, hakuthibitishi mlikubali. Mnaopinga, pelekeni pingamizi la maandishi siku hiyo hiyo na mpige picha ya karatasi iliyopokelewa.

## Hatua ya 7: Ombi rasmi, yaani petisheni

Barua imenyamaziwa, ahadi imepita tarehe. Sasa msimwombe MCA, liombeni bunge lenyewe. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa kila mtu haki hiyo. Vifungu vya 88 na 89 vinawapa wananchi haki ya kuiandikia serikali ya kaunti, na vinailazimu iwajibu bila kukawia. Kwa Bunge la Taifa na Seneti, ni Ibara ya 119 na sheria ya 2012 ya utaratibu wa maombi bungeni.

Sheria hiyo ya 2012 ni kielelezo kizuri hata mkienda kaunti, ila mwulizeni karani kanuni za bunge lake kwanza. Petisheni iwe hivi:

1. Kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, bila kufutafuta. Kuandika kwa mkono kunaruhusiwa.
2. Ielekezwe kwa bunge husika, na mada iandikwe juu ya kila ukurasa.
3. Ieleze mlikwisha kwenda wapi na mkajibiwa nini. Sasa mtaona faida ya zile nakala zenye muhuri.
4. Iseme kama jambo liko mahakamani au la. Mkificha, inaweza kuangushwa.
5. Imalizie kwa ombi lililo wazi: bunge lifanye nini hasa.
6. Majina, anwani, nambari za vitambulisho na sahihi au dole gumba, moja kwa moja kwenye petisheni yenyewe. Msibandike karatasi za sahihi zilizokusanywa kwa shughuli nyingine. Asiyeweza kutia sahihi aweke alama yake mbele ya shahidi.

Sahihi arobaini za watu wanaoteka maji hapo zinashinda mia nne zilizookotwa mitandaoni. Kamati ikiita mashahidi, wa arobaini watakuja.

*Mmefaulu* ombi likisomwa bungeni na kupelekwa kwa kamati. Mwulizeni karani ni kamati gani, mwenyekiti ni nani, na siku ngapi kanuni zinaipa kutoa ripoti. Andikeni.

## Hatua ya 8: Redio, na barabarani

Redio ni nzuri baada ya barua, si kabla. Mtangazaji akimpigia mheshimiwa simu hewani na kumsomea tarehe ya muhuri, hana pa kutokea.

Maandamano ni haki, Ibara ya 37, lakini ni lazima mkuu wa kituo cha polisi apewe taarifa si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku 14 kabla. Nayaweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa MCA akishawaona kama kundi la mpinzani wake, hata ombi la haki analiona la siasa.

## Hatua ya 9: Pesa zikishaingia, msilale

Jina la jabia kuwa kwenye bajeti si saruji. Bajeti ya ziada inaweza kulifuta katikati ya mwaka bila mtu kupigiwa simu, kwa hiyo ulizeni bungeni kila inapoletwa. Someni ripoti za kila robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti wa taifa (Controller of Budget) mwone idara ya maji imetumia kiasi gani cha fedha za maendeleo. Ikiwa mwaka unakaribia kwisha na hakijatumika kitu, hapo ndipo pa kumpigia MCA.

Fundi akija, mwombeni msimamizi wa idara awaonyeshe orodha ya kazi iliyolipiwa, na mmoja wenu awe hapo siku ya kumwaga zege. Hesabuni mifuko. Kazi imalizike kabla ya masika, maana mvua ya kwanza itakayojaza birika ndiyo itakayoonyesha kama ufa umezibwa au umepakwa rangi.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. MCA akibadilika, usitarajie faili lenu limfikie mpya. Mpelekeeni nakala wenyewe wiki ya kwanza baada ya kuapishwa, ya kila kitu, na igongwe muhuri.